Siku yangu moja msituni mwa Gainsborough

Saa moja na nusu asubuhi. Turubai niliyoipaka juzi imekauka. Ina rangi moja tu, kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini. Juu ya kahawia hiyo ndipo msitu utakapoota, na kwenye vivuli nitaiacha ionekane yenyewe.

Saa nne. Milango ya National Gallery, jumba la picha hapa London, inafunguliwa. Kuingia ni bure. Naenda moja kwa moja kwenye *Cornard Wood*, picha ya msitu ya mchoraji Mwingereza Thomas Gainsborough ya mwaka 1748, kazi ya kijana mwenye miaka 21 hivi aliyekuwa amewasoma wachoraji wa Kiholanzi barabara, hasa Jacob van Ruisdael. Miti imesimama kulia na kushoto, njia inapinda katikati, na kwa mbali kanisa linachungulia. Nafumba macho nusu hadi majani yapotee, yabaki mafungu ya giza na mwanga. Hayo ndiyo ninayoyachora kwa penseli, na asubuhi yote inaishia kwenye mti mmoja.

Saa nane mchana. Darasani. Mbingu kwanza, maana matawi yatapita juu yake. Halafu giza la miti.

"Usinichoree majani," mwalimu ananiambia, "nichoree mti."

Basi napaka kivuli chote cha mti kwa pamoja, nikiacha matundu machache ya mbingu ambamo ndege angeweza kupita. Sehemu ya karibu ni kahawia, ya katikati kijani, ya mbali buluu: mpangilio wa kale, na sijaona unaoupa msitu kina kuushinda.

Saa kumi. Kijani nakichanganya mwenyewe, buluu na njano ya udongo, na chembe ya nyekundu kikiwa kikali mno. Wanafunzi wengi huiga hata ubuluu wa majani ya picha za karne ya 17. Mara nyingi ule si uamuzi wa mchoraji: njano iliyotokana na mimea ilififia kwa mwanga, buluu ikabaki. Mimi namfuata mchoraji.

Saa kumi na moja na nusu. Ya leo ni mbichi, kwa hiyo nahamia turubai ya mwezi uliopita kuweka majani yenye jua. Rangi hii ina mafuta ya kitani mengi kuliko tabaka la chini. Ukigeuza mpangilio huo, picha huja kupasuka. Nagusa mahali pachache tu, mabega ya mwaloni na ukingo wa njia, na mti mzima unasogea mbele. Kwa raha hii naweza kungoja mwezi mwingine.

Saa moja usiku. Brashi, sabuni, maji. Kesho ni mashina, kwa mkaa.