Nauza ninachokijua, na wafuasi sina

Nilipotaka kuuza ujuzi wangu mtandaoni, wa kwanza kunishauri alisema nitafute kwanza wafuasi elfu kumi. Wa pili akasema nifungue chaneli ya YouTube, pesa ya matangazo itakuja yenyewe. Nikachukua kikokotoo. Kwa video za kawaida, YouTube hawaanzi kukugawia pesa ya matangazo mpaka uwe na watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video zangu ni za dakika tano, kwa hiyo hata kama kila mtazamaji angevumilia mpaka mwisho (na hakuna anayevumilia), ningehitaji kutazamwa mara 48,000 ndipo nianze kuhesabiwa senti. Na aliyenishauri mwenyewe hana chaneli.

Mimi ni mhasibu. Kitu ninachowazidi wenzangu ni Excel, tena si Excel yote: najua kusafisha data chafu. Majina ambayo kila karani kayaandika kivyake, tarehe zilizogeuka namba, orodha mbili zinazopaswa kulingana na hazilingani. Nilipotangaza kwamba hilo ndilo nitakalouza, walicheka. "Nani atanunua hicho? Fundisha Excel yote, mwanzo mpaka mwisho." Excel yote inafundishwa bure kila kona ya intaneti, na watu wenye sauti nzuri kuliko yangu.

Nilichofanya ni hiki, na ninajisifu nacho mpaka leo. Nilijiunga na makundi ya WhatsApp na Telegram ambako wahasibu na makarani hulilia mafaili yao, nikakaa kimya. Kila swali nililinakili kama lilivyoandikwa, hata herufi zilizokosewa sikuzigusa. Sikuyapanga maswali kwa mada za vitabuni. Niliyaweka tu yanayofanana pamoja, nikaangalia lipi linarudi. Likajitokeza moja, karibu kila wiki: "Mbona VLOOKUP inaniletea #N/A na jina lipo, naliona kwa macho yangu?"

VLOOKUP ni fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha, na #N/A ni Excel kukwambia haikukipata. Hapo ndipo penye utamu. Jina lipo kweli, ila mara nyingi limebeba nafasi tupu isiyoonekana. Kila mjuzi kundini humwambia mwulizaji atumie TRIM, fomula ya kufuta nafasi zilizozidi. Anatumia, #N/A iko palepale, anabaki kujiona mjinga. Kumbe data iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti huja na nafasi ya aina nyingine, herufi namba 160, na TRIM haiigusi. Yenyewe huondoa nafasi ya kawaida, namba 32. Unatakiwa kwanza uigeuze iwe nafasi ya kawaida kwa fomula za SUBSTITUTE na CHAR(160), ndipo TRIM ifuate. Ukishalijua hilo unajiona mchawi.

Nikaanza kujibu, lakini si kwa maandishi. Nilimwomba mwulizaji nakala ya faili lake, akishafuta mishahara na namba za simu, kisha nikarekodi skrini kwa dakika mbili nikilitengeneza faili lilelile. Mtu akiona safu zake mwenyewe zinajaa majibu, hakuachi tena. Baada ya muda swali likiulizwa wanakundi wanaulizana, "Mwalimu yuko wapi?" Nilikuwepo, nasubiri niitwe.

Kozi ilitokana na majibu hayo. Nilirekodi upya kwa data ya kubuni, maana faili la ofisi ya mtu si lako la kuuza hata kama ulimsaidia. Programu ya kurekodi skrini, OBS, ni ya bure. Maikrofoni ni ile ndogo ya kubana shatini, sikumbuki bei yake, ila haikuniumiza. Jina la kozi nikaweka swali lenyewe, kama lilivyokuja. Aliyekwama haandiki "mbinu za kisasa za uchakataji wa data" kwenye kisanduku cha kutafutia. Anaandika kinachomsumbua.

Niliiweka Udemy, soko la kozi mtandaoni, nao wanataka kozi ya kulipia iwe na angalau dakika 30 za video na masomo matano. Yangu ilivuka hapo kidogo tu, na maneno yakaanza: fupi mno, hutaheshimika, ongeza utangulizi. Mwenye ripoti ya kesho asubuhi hana haja na utangulizi. Sikuongeza hata dakika.

Kuna jambo la asilimia ambalo mtu akikushauri bila kulitaja, ujue hajawahi kuuza. Mnunuzi akija kwa kuponi yako au kiungo chako, mgawo wako ni asilimia 97 ya mauzo. Akiikuta kozi kwa kutafuta mwenyewe ndani ya Udemy, wewe unapata 37. Kwa hiyo kila jibu langu kundini linaishia na kiungo changu. Jibu kamili kwanza, kiungo chini yake. Wanaotupa kiungo kitupu huondolewa na wasimamizi, na wanastahili. Lingine ni fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, kwa sisi tusio watu wa huko. Ijaze kwa utulivu, maana makato ya kodi kwa mauzo ya kule yanategemea ulichokijaza.

Nina pia karatasi ya fomula ninayoiuza Gumroad, tovuti ya kuuzia mafaili. Wao hukata asilimia 10 na senti kadhaa kwa kila mauzo, na hizo senti ndizo zinazokula kitu cha bei ndogo. Nikaipandisha bei. Waliolalamika walikuwa wale ambao hawakuwa na nia ya kununua.

Wanunuzi wa Udemy wana siku 30 za kudai pesa zao. Yupo aliyetazama kozi yote, akadai, akarudishiwa. Wiki hiyohiyo akaibuka kundini kuuliza jambo ambalo liko somo la tatu. Nilimjibu kwa video, na kiungo nikakiweka chini kama kawaida.