Uzi ulionyooka kabla haujawa fuwele

Juzi binti yangu alikuwa anapambana na uzi uliochomoza kwenye sweta ya poliesta, akavuta weee, halafu akauliza, mama mbona huu haurefuki? Nikamwambia ulishavutwa zamani kiwandani, urefu wake wote ulishatolewa. Akaenda zake kucheza, mimi nikabaki namuwaza yule mwalimu wetu wa polima, yaani vitu vya minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki, na bobini yake, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi.

Ule wa bobini ulikuwa uzi ambao haujavutwa. Yaani poliesta imeyeyushwa kwenye digrii za Selsiasi kama 280 hivi, ikasukumwa kupitia vitundu vidogo, ikapozwa na hewa fasta ikazungushwa kwenye bobini kwa mwendo mdogo, basi. Uzi wa hivyo fuwele, yaani sehemu ambazo molekuli zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, hauna kabisa au karibu hauna, maana minyororo ya molekuli imegandia humo ilivyojikunjakunja, imepoa kabla haijapata muda wa kujipanga.

Mwalimu akanikatia kipande, akasema shika ncha zote mbili mwanangu, vuta taratibu, usiniangalie mimi, angalia uzi.

Nikavuta. Mwanzoni hakuna kitu, unasikia tu unakataa. Mara sehemu moja ikasinyaa, pakatokea shingo, kweli kabisa shingo, huku uzi mnene kama ulivyokuwa na huku mwembamba unaong'aa, na mpaka kati yao ni mfupi mno. Nikadhani unakatika pale. Haukukatika, na ile sehemu nyembamba wala haikuzidi kuwa nyembamba, ila shingo ndo ikaanza kutembea, inaula uzi mnene na kuutoa mwembamba upande wa pili, na mkono hausikii nguvu ikiongezeka, ni ileile tu mpaka shingo ikafika kwenye vidole vyangu na hapo uzi ukakaza ghafla ukaanza kunikata ngozi. Ulikuwa umerefuka kama mara nne. Nikauvuta tena kwa nguvu zote, wapi. Kitu kilichokuwa laini mkononi mwangu sasa hivi kimegeuka kitu kingine na mimi nimekiona kikigeuka, sijawahi kusahau.

Nikasema kwa furaha, mwalimu, fuwele hizo! Akacheka, akasema twende kwenye eksrei kwanza, tuone miale inavyotawanyika ikipita kwenye uzi.

Picha ya uzi ambao haujavutwa ilikuwa duara la ukungu tu, giza sawa pande zote. Ya uzi wangu, lile duara limejikusanya pande mbili, kulia na kushoto, maana yake minyororo imelala kufuata urefu wa uzi, lakini bado ni ukungu, hakuna vile vidoa vikali vya fuwele. Kulikuwa na alama moja tu nyembamba upande wa juu na chini, akasema hiyo ni hatua ya katikati, minyororo imesimama sambamba na imeanza kulingana kwa urefu, kipande kinachojirudia kwenye mnyororo ni kama nanomita 1.03 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ila pembeni haijafungana bado. Fuwele yenyewe ni kijiboksi kinachojirudia, kilichopinda pande zote, wanasayansi Daubeny, Bunn na Brown ndo walikichora mwaka 1954, na urefu wake kwenye mnyororo ni nanomita 1.075, yaani mnyororo umenyooka karibu wote.

Halafu tukaubana uzi kwenye fremu usirudi nyuma, tukauweka kwenye hewa ya moto ya digrii 180 hivi. Poliesta ikishavuka kama 75 molekuli zinapata uhuru wa kujisogeza, na hizi zilikuwa tayari zimepangwa, hazina safari ndefu. Picha ikatoka na vidoa vikali. Tukachukua na kile kipande ambacho hakijavutwa, joto lilelile, kikatoka cheupe kama chaki kinavunjika ukikikunja. Na chenyewe kina fuwele! Ila zimeota kila upande, hakuna aliyezipanga.

Hapo nikamuuliza, sasa ukivuta kwenye joto kama kiwandani, fuwele inaanza lini hasa, wakati unavuta au ukishamaliza? Akasema inategemea kasi, na kuna watu wataalamu kabisa wanabishana juu ya hilo.

Nimefuatilia hilo swali miaka yote hii. Eksrei za kasi zimeonyesha kwamba ukivuta haraka sana fuwele nyingi zinajitokeza baada ya kuvuta kusimama, ukivuta taratibu zinaanza huku uzi bado unarefuka, na ile hatua ya katikati wengine wanaiona ni mlango ambao fuwele lazima ipitie, wengine wanaona ni kituo cha pembeni tu. Mimi naegemea kwenye mlango, labda kwa sababu nilivuta ule uzi kwa mikono yangu, na najua hiyo si hoja ya kisayansi, lakini kila makala mpya ikitoka naifungulia moja kwa moja kwenye picha za eksrei kuitafuta ile alama nyembamba, nione imepotea wakati vidoa vinaingia au kabla.