Boksi la maziwa, kopo lililovimba na gunia lisilo na tarehe

Mama mkwe yuko kwangu Tabata wiki ya tatu sasa, amekuja kutibiwa macho. Ukiwa na mgeni wa heshima ndani ndipo unapoanza kuona uchafu wako mwenyewe, kwa hiyo Jumamosi nikasema leo nasafisha friji na stoo, liwalo na liwe.

Kitu cha kwanza kukishika kilikuwa boksi la maziwa la lita moja, yale yasiyohitaji friji mpaka uyafungue. Muda wake ulikuwa umepita siku 11. Nikalinyanyua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya, nikaelekea kwenye ndoo ya taka.

"Limefunguliwa hilo?" mama akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Halijafunguliwa mama, ila limeisha muda."

"Limeisha muda, au limeharibika?"

Nikasimama. Mimi ni mtoto wa duka. Baba mdogo alinilea nyuma ya kaunta, na kazi yangu kila Jumapili ilikuwa kupanga rafu: mzigo wa zamani mbele, mpya nyuma. Tarehe kwangu ni dini. Nikiwa darasa la saba, muuzaji mmoja wa jumla alituletea katoni za biskuti, tarehe zimefifia, pakiti zinanuka thina. Mtu alikaa na pamba akazifuta moja moja. Baba mdogo alizirudisha zote kwa bodaboda, akilaani njia nzima, maana enzi hizo wakaguzi wa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, wangezikuta kwake ungekuwa msala wake, si wa aliyefuta. (Siku hizi chakula kiko TBS, shirika la viwango, tangu 2019.) Toka siku hiyo mimi huwa nasoma tarehe kabla ya kusoma bei.

Lakini swali la mama lilikuwa la haki. Maziwa ya boksi huchemshwa kwa sekunde chache tu kwenye joto la nyuzi 135 au zaidi, kisha hufungwa bila vijidudu kuingia. Likiwa halijavimba, halivuji na halikuanikwa juani, haliozi usiku wa manane eti kwa sababu kalenda imegeuka. Tarehe ile ni ahadi ya kiwanda kwamba mpaka siku hiyo ladha itakuwa ile ile. Ukishalikata pembe, tarehe haina kazi tena, unahesabu siku tangu ulipofungua. Kingekuwa chakula cha mtoto mchanga nisingejadiliana na mtu. Hata Marekani, ambako serikali kuu hailazimishi tarehe kwenye vyakula, maziwa ya unga ya watoto wachanga ndiyo yamewekewa lazima.

Nikalifungua. Nikamimina kidogo kwenye bakuli jeupe: hayana mabonge, hayatelezi kama ute, harufu ni ya maziwa. Nikayabandika jikoni. Maziwa yaliyochacha hukatika yakipata moto, haya yakapanda na kufura kama kawaida. Mama hakusema kitu. Alitabasamu tu na jicho lake moja lenye plasta.

Ushindi huo ukampa kichwa. Nilipotoa sufuria ya wali wa juzi, akasema nao upashwe moto. Hapo nikakataa. Ule wali ulilala juu ya jiko Alhamisi usiku kucha, asubuhi ndio nikaukumbuka na kuutia friji, na Ijumaa umeme ukakatika tangu saa nne asubuhi hadi jioni. Friji ikifungwa vizuri inahimili kama masaa manne tu. Wali una kijidudu chake ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemka. Ukiachwa kwenye vuguvugu huota, kinaacha sumu, na sumu ile ukiipasha mara kumi haiondoki. Unatapika kabla sahani haijaoshwa. "Sisi tumekula viporo maisha yetu yote," mama akasema. Ni kweli, ila kwao Chemba, mkoani Dodoma, usiku kuna baridi na wali wao ulikuwa unaisha. Ukaenda kwenye ndoo.

Mayai hayana tarehe kwenye trei, nikayatia kwenye beseni la maji. Mawili yakaelea. Kuelea maana yake yai ni la siku nyingi, hewa imejaa ndani, si lazima liwe viza. Nikayapasua kwenye kikombe pembeni. Moja zima, moja Mungu anisamehe, tulifungua madirisha.

Kisha kopo la nyanya. Tarehe safi kabisa, miezi saba mbele, lakini mfuniko umetuna, ukiubonyeza unaingia "tak" halafu unarudi. Hilo sikulifungua wala sikulinusa. Kopo likivimba mara nyingi kuna kitu hai ndani kinachotoa gesi, na kimojawapo kinachoweza kuwamo hutengeneza sumu ya kupooza misuli, kidogo tu, bila harufu. Nikalifunga kwenye mifuko miwili na kulitupa. Mtu anayesoma tarehe peke yake angelipika usiku huo.

Nikajiona mtaalamu. Nikaingia stoo kutoa gunia la mahindi nipeleke mashineni.

Yalikuwa debe mbili, nimenunua kwa bei nzuri, nikayaweka juu ya sakafu ya saruji masika yote. Kwa chini gunia lilikuwa na unyevu. Nikayamwaga kwenye ungo: mengi meupe, mengine kwenye kiini yana unga wa kijani, kama vumbi la chaki. Nikasema si neno, nitachambua, nitakoboa, sembe itatoka safi.

Mama akaja akipapasa ukuta. Akachukua punje moja, akaisogeza karibu na jicho zima, akaigeuza. Mtu huyu aliyetaka kula wali wa juzi.

"Haya hayaliwi."

Mwaka 2016 alikuwa kwao. Watu walianza kutapika, matumbo yakajaa, macho yakawa manjano, na mwanzoni hakuna aliyejua ni nini. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu, kwenye mahindi, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliougua walihesabiwa 68, wakafa 20. Wakenya ilishawapata mwaka 2004, wakaugua watu 317, wakafa 125. Ugali wa mahindi hayo haukuwa na harufu, aliniambia, na ulisongwa ukaiva kama ugali mwingine. Moto wa jikoni hauiwezi sumu hiyo. Kuchambua na kukoboa huipunguza, lakini inayobaki huioni.

Gunia lile halikuwa na tarehe popote. Mimi msoma tarehe ningelisaga, ningelipika, na ningewalisha wanangu kwa furaha.

Nikauliza kama tuwape kuku wa jirani. "Kuku wa watu wamekukosea nini?" Sumu hiyo huwadhuru hata wao. Tukachimba shimo nyuma ya choo, hela yangu ikafukiwa. Nimeshaomba chaga za mbao kwa fundi wa mtaani, gunia lijalo halitagusa sakafu.

Jioni mume wangu alirudi na njaa. Akanywa chai ya maziwa vikombe viwili, akasifu kwamba leo imekolea. Ndipo akaliona boksi juu ya ndoo ya taka, akaliokota, akaligeuza upande wa tarehe.

"Mama nanihii, hili si limeisha muda?"

Mama mkwe akamsogezea birika. "Nikuongeze, mwanangu?"