Lakabu iweke kwenye kina

Mshairi kutumia lakabu, yaani jina la utunzi, si kujificha. Kamange wa Pemba alikuwa Ali bin Said, na mshairi mwenzake Sarahani alipojibizana naye alijua fika anamjibu nani. Kilichobadilika ni kwamba kwenye kundi la WhatsApp la watu mia nne, lakabu yoyote inaweza kuvaliwa na mwenye laini mpya ya simu.

Wasimamizi wengi hukimbilia kudai picha ya kitambulisho. Si shauri zuri. Picha ile haitakaa kwenye simu moja, itazurura. Tena wanawake wengi wanaotunga kwa lakabu wanataka stara, na ukiwabana hivyo watatoka kimya kimya, ubaki na wanaume wanaosifiana. Kwa mila zetu mtu huulizwa ni wa nani na wa wapi. Basi kila mgeni awe na mwenyeji mmoja ndani ya kundi anayemjua ana kwa ana. Mwenyeji anatosha. Jina la kuzaliwa libaki kwake.

Kisha mpe mgeni kituo, yaani mstari wa mwisho wa kila beti, atunge beti tatu kwa siku mbili. Usimpe saa moja, maana watunzi wazuri wengi ni wazito. Kwa mfano:

*Kisima cha mlangoni, hakikati mtu kiu.*

Mizani, yaani silabi, nane na nane. M ya "mlangoni" na ya "mtu" kila moja ni mizani kamili. Anayeomba mashine imtungie mara nyingi huanguka hapo hapo, mstari ukabaki na kumi na tano au ukafika kumi na saba. Ukishapata beti zake, zilinganishe na mashairi anayodai ni yake. Tazama inkisari, yaani kufupisha maneno: mwenye kuandika "menambia" (mizani nne) badala ya "ameniambia" (sita) haachi tabia hiyo kwa wiki moja. Lahaja usiitegemee sana. Mtu wa Micheweni aliyelelewa Mji Mkongwe huenda asiandike Kipemba hata neno, na si mwongo.

Wizi wenyewe kwa kawaida ni mwepesi: shairi linanakiliwa, jina la chini linafutwa, linabandikwa upya. Kwa kuwa limenakiliwa, hata ile alama ya ujumbe uliopelekwa mbele haionekani. Jina lililoandikwa chini ya shairi, basi, halilindi kitu. Lisokote ndani ya beti ya tamati, na lisikae katikati ya mstari bali kwenye kina cha mwisho, yaani sauti inayofunga kila mstari wa beti. Tuseme lakabu ni Umande:

*Tamati ninakomea, mtunzi wenu Umande,*
*Pemba ninakotokea, ni Wete wangu upande,*
*Mwenye neno kuongea, aje wazi asipinde,*
*Shairi nimelilea, nanyi wenza mlilinde.*

Mwizi akitia "Kipanga" mizani tatu zinatimia, ila kina cha "nde" kimevunjika na kila msomaji atakisikia. Itambidi atafute lakabu ya mizani tatu inayoishia na "nde", au avunje beti nzima. Ndiyo maana lakabu yenye mwisho adimu ina faida kuliko ya "ni" au "a". Hizo hubadilishwa kwa dakika moja.

Bado anaweza kuikata beti ya tamati yote. Kwa hilo tunga beti sita kabla yake, na herufi ya kwanza ya kila beti iwe U, M, A, N, D, E. Akikata ya tamati, UMANDE inabaki nzima. Usiitangaze alama hii. Mwambie mwenyeji wako tu.

Kabla ya kulituma kundini, jitumie shairi zima kwa barua pepe ili tarehe ibaki, na ujirekodi ukilisoma. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, tofauti na ya Bara ya 1999, na shauri la "nani alitunga kwanza" bila tarehe ni kelele tu.

Hatari kubwa zaidi ni akaunti ya mshairi anayeaminika kutekwa. Mtu anapiga, anajifanya msimamizi, anaomba "namba sita zilizoingia kwa bahati mbaya kwenye simu yako". Zile namba ndizo ufunguo. Ukizitaja, baada ya muda mfupi lakabu yako inaomba mchango wa mgonjwa, na watu watatoa kwa sababu ni wewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti na uweke namba ya siri yako mwenyewe. Nao wasimamizi wasipitishe mchango wowote kabla mwenyeji hajampigia muombaji kwa simu ya kawaida na kuisikia sauti yake, na jina linalotokea wakati wa kutuma pesa liwe lile analolijua mwenyeji. Likitokea jina la mtu mwingine, hata wakisema ni la shemeji, pesa isitumwe.