Beberu mwenye pembe ndo kaniondolea vitoto huntha

Mi nafuga mbuzi wa maziwa huku Mgeta, Morogoro, hawa wenye damu ya Norwei walioingia huku miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine. Nlianza na majike manne, matatu hayana pembe tangu kuzaliwa, nkawapenda sana maana mwenye pembe anabomoa banda na anaumiza wenzie. Kwaiyo nilipotafuta beberu nkachukua nae asie na pembe, aliyeniuzia akanisifia kabisa kwamba zizi langu sasa litakua safi.

Mzao wa kwanza poa. Mzao wa pili nkapata kajike kanene, nkasema huyu ndo wa kubaki. Nilipomkagua nyuma nkaona chini ya uke kuna kitu kama punje ya haragwe, nkapuuza. Miezi ikaenda, wenzie wanaingia joto yeye hata dalili, badala yake anapanda majike, shingo nene, af ananuka beberu kabisa! Mzao uliofuata akaja mwingine hivohivo. Majirani wakaanza maneno, mama mmoja akanambia zizi limeingia mkosi nitafute mtu afukize. Iliniuma jamani, nimemlisha pumba na majani mwaka mzima mnyama ambae hatazaa wala kutoa maziwa.

Nkamwita bwana mifugo, akamwangalia kidogo tu akauliza, baba yake ana pembe? Hana. Mama je? Hana. Akasema basi tatizo ndo hilo.

Alinielekeza kwamba mbuzi ana nakala mbili za jeni (kirithishi) ya pembe, moja kutoka kwa baba moja kwa mama. Jeni ya kukosa pembe ina nguvu, akiipata nakala moja tu hana pembe na ni mzima kabisa, anazaa vizuri. Balaa ni jike akipata zote mbili, huyo anakua huntha, yani jike mwenye dalili za dume. Baadae nlisoma kwamba wanasayansi waliipata 2001 kwenye kromosomu ya 1 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), kuna kipande kama herufi 11,700 za DNA kimekosekana, na kukosekana kwake kunaizima jeni nyingine inaitwa FOXL2 ambayo ndo inajenga ovari, sasa ovari isipojengwa inageuka kuelekea kende, yani kwa kromosomu huyo ni jike ila homoni za kiume ndo zinamtawala. Mkosi hakuna hapo.

Ukipiga hesabu, wazazi wote hawana pembe na kila mmoja ana nakala moja, kitoto 1 kati ya 4 atabeba mbili, na nusu ya hao ni majike, so huntha 1 kati ya 8. Kwa mfugaji mdogo kama mimi hiyo ni hasara kubwa sana.

Nkauza yule beberu, nkatafuta mwenye pembe. Hapa kuwa makini, kuna mbuzi wamechomwa pembe utotoni, ukimwona utadhani hana kwa asili kumbe kwa jeni ni wa pembe, huyo anafaa kabisa, ila hakikisha kwa aliyemzalisha. Kitoto kikizaliwa pia shika kichwa, wa pembe nywele zake zimejizungusha sehemu mbili, pale pale pembe zitakapotokea, asie nazo nywele zimelala tu katikati.

Sasa hivi nina mizao mitatu na beberu huyu, huntha hakuna hata mmoja. Kwa yale majike yasiyo na pembe karibu nusu ya vitoto vinakuja na pembe, hao bwana mifugo anawachoma mapema kwa ganzi, ndani ya wiki mbili za mwanzo.

Juzi yule mama wa kufukiza kaja na jike lake kwa beberu wangu, kaniuliza, mwanangu, hili langu halina pembe, haitaleta shida? Nkamwambia mama, lete tu, hilo ndo hasa linamtaka huyu.