Ufa wa Ghorofa ya Tano

Binti yangu amefundishwa Bonde la Ufa shuleni. Jana, mdomo umejaa chapati, akauliza: "Baba, na hii nyumba yetu ikitikiswa?" Mama yake akanitupia jicho. Alikuwepo.

Jumanne, Julai 17, 2007, mtaa wa Umoja, Nairobi. Siku kadhaa ardhi ilikuwa ikitikisika kidogo kidogo, sisi tunasingizia malori. Kumbe chanzo kilikuwa mbali, upande wa Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania. Jioni hiyo, saa kumi na moja na ushei, sufuria zikaanza kugongana kwenye rafu. Maji ya ndoo yakayumba yakamwagika. Mke wangu alikimbilia mlango, mimi nikakumbatia televisheni. Ngazi ambazo watu wawili hupishana kwa ubavu, siku hiyo tulizishuka watatu watatu. Mama Brayo alifika chini na mwiko mkononi, unga bado umeganda.

Tukajaa getini, shingo juu. Majirani tusiowahi kusalimiana tukaanza kuulizana majina. Mzee mmoja wa vyumba vya chini akanyoosha kidole, akahesabu ghorofa moja moja hadi saba. "Mimi nikihamia hapa," akasema, "zilikuwa nne." Hakuna aliyemjibu. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza tatu juu ya msingi uleule, na sote tulikuwa tukilipa kodi ya hizo tatu.

Baridi ya Julai ilitupandisha tena, mmoja mmoja, kila mtu akingoja mwenzake atangulie. Juu ya dirisha letu tukakuta ufa. Nikachora kistari cha penseli mwisho wake, nikaandika tarehe. Baada ya wiki ufa ulikuwa umekivuka.

Tulipolalamika, keateka, yule msimamizi wa nyumba, alikuja na fundi, ndoo ya saruji na kopo la rangi ya krimu. Kufikia adhuhuri ufa haupo, na kistari changu hakipo. Januari kodi ikapanda, eti nyumba imekarabatiwa.

Mama Brayo alihama; chumba chake hakikumaliza wiki bila mpangaji. Sisi tulibaki, maana dipoziti ya kwingine ingetoka wapi? Aprili 2016, jengo la mtaa wa Huruma, humu humu Nairobi, lilipoporomoka usiku wa mvua na kuua watu karibu 50, bila tetemeko lolote, nilikiona tena kile kidole cha mzee kikihesabu. Lakini mwaka ule wa 2007, sitadanganya, rangi ilipokauka tulilala vizuri sana.