Cheti au daktari?

Tangu Jumatano nina sentensi moja kichwani, haitoki. Naosha vyombo, ipo. Nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, ipo. Wathibiti ubora wa shule wamekuja na kuondoka, shemeji kafungua duka lake Mbuyuni na mchungaji akaja kuliombea, Glory kaleta maksi za Hisabati ambazo baba yake bado hajaonyeshwa, na mimi akili yangu iko kulekule uwanjani.

Namba Nane, mwanafunzi wetu anayevaa jezi hiyo kwenye timu ya wasichana, mnamjua. Ndiye aliyekataa kwaya akisema sauti yake itawafukuza malaika. Mrefu, mabega mapana, mwendo wa kurusha miguu, na mpira ukishafika kwake pale katikati, kumnyang'anya ni kazi. Zilikuwa mechi za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya kata, upande wa wasichana, tunaongoza mbili bila na zote kafunga yeye. Mapumziko, kocha wa upande wa pili akakatiza uwanja kuja kwetu. Hata salamu hakutoa.

"Madam, huyo nane wenu ni msichana kweli? Akaguliwe kwanza."

Kwa sauti, watoto wote wanasikia. Wa kwao wakacheka, na wa kwetu wachache pia, nawajua kwa majina. Nikamwambia cheti cha kuzaliwa kipo kwenye faili, na faili ninalo hapa. Sijamaliza hata kufungua zipu ya mkoba, Namba Nane akasogea na chupa yake ya maji.

"Madam, safari hii wanataka cheti au wanataka daktari?"

Hakulia, hakufoka. Aliuliza kama mtu anayeulizia daladala za Kiborloni zinapakia wapi. Safari hii! Kumbe zipo safari nyingine, na katika mojawapo mtu mzima alitamka daktari mbele ya mtoto. Jioni wakati wa kukusanya jezi nikamuuliza ilikuwa lini. "Zamani, Madam," akasema, akainama kufungua kamba za njumu, na zile kamba zikamchukua muda mrefu kuliko kawaida. Sikumwongeza swali. Mlango wa kachumba kangu karibu na stoo ya maabara anaujua, akitaka atakuja.

Kinachonichekesha kwa uchungu ni hiki: vichwa vyao tumevinyoa sisi wenyewe, wavulana na wasichana kipara kimoja, sheria ya shule. Halafu tunasimama pembeni ya uwanja tunashangaa nani ni nani.

Cheti kilisomwa, kocha akakirudisha bila neno, tukafunga la tatu. Kesho yake ofisini nikapongezwa kama mimi ndiye niliyefunga. Jirani yangu wa mezani, yule wa Jiografia, akasema lakini tusimlaumu sana yule kocha, mbona hata Caster Semenya, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini, alikaguliwa. Nikamwambia Semenya mwaka 2009 alikuwa Berlin kwenye mbio za dunia, ana miaka 18, kachukua dhahabu ya mita 800, na hata huko watu wazima walimfanyia jambo la aibu kwa kuacha habari za mwili wake zizagae magazetini. Barbra Banda wa Zambia naye walimzuia fainali za Afrika za soka la wanawake mwaka 2022 kwa mambo hayohayo ya vipimo, na miaka miwili baadaye BBC ikampa tuzo ya mwanasoka bora wa kike. Hao wana mawakili na mashirikisho. Wetu anachezea kata, na jezi yenyewe ameazima kwa kaka zake wa Kidato cha Nne.

Akanyamaza. Nikarudi kwenye chai yangu nimeshinda, na hapo ndipo raha ikaisha.

Maana nilimkumbuka yule mvulana wa Kidato cha Kwanza. Anaongea taratibu, anakaa na wasichana, wenzake wanamwita dada na kumwigiza anavyotembea akienda bombani. Nikichomoa cheti chake nitamsaidia nini? Kimeandikwa mvulana, na hicho ndicho wanachompigia. Namba Nane aliokoka kwa sababu karatasi ilisema walichotaka kusikia. Ingesema vingine, au isingekuwepo, ningemtetea na nini? Mtoto hana deni la kumthibitishia mtu yeyote kitu ndipo aachwe acheze, anywe maji, asome.

Mwalimu wa zamu ana dawa yake kwa huyu wa pili: "Viboko viwili tu, sauti itanyooka." Ofisi ikacheka. Nikamuuliza, kanuni za viboko shuleni za 2002 zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, kwa idhini ya mkuu wa shule, kisizidi vinne, na kinaandikwa kwenye kitabu. Sasa wewe kwenye kosa utaandika nini? Sauti? Safari hii ofisi ilicheka zaidi, na yeye mwenyewe akacheka, ni mtu mzuri yule ukimtoa kwenye zamu. Mkuu wa shule, ambaye nilidhani anasinzia, akasema bila kuinua kichwa, "Andika hilo kwenye muhtasari wa kikao, Madam."

Nikaandika, na nikaongeza la kwangu: mwenye shaka na mchezaji wetu alete barua kwa mkuu wa shule, asiseme uwanjani. Nikataja na kifungu cha 5 cha Sheria ya Mtoto ya 2009, kinachokataza kumbagua mtoto kwa jinsia, afya, na orodha ndefu inayoishia na hali nyinginezo. Wa Jiografia akauliza hali nyinginezo ndiyo zipi. Nikamwambia ndiyo hizo unazoziogopa. Nimesaini, wamesaini. Wale wanaomwita mwenzao dada nitakuwa nao Jumatatu kipindi cha nane, bila fimbo, na sijui bado nitaanzia wapi, ila nitaanza na mkubwa wao, maana wengine wanamcheka yule mtoto wakimtazama yeye usoni kwanza.

Ijumaa nilimwona Namba Nane akimfundisha kipa wetu kupiga mpira mrefu, anamgombeza kweli kweli. Nikafurahi kupita kiasi, nikanunua mandazi ya ofisi nzima.

Mama mkwe kapiga simu sasa hivi kutoka Kibosho. Ng'ombe hali chochote tangu juzi na masikio yamelala. Bwana mifugo anataka hela ya mafuta ya pikipiki kabla hajapanda huko. Nimetuma elfu kumi, hajajibu kama ameipata, na mvua haijakatika tangu mchana. Ikiwa ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe, sijui.